"Msaada" au Maelekezo?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kompyuta yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo yatupasa kuuliza: mtumiaji wa kompyuta au simu akikwama, Kiswahili anachokisoma humwongoza?

Tulichunguze neno "Msaada", lililozoeleka katika menyu hizo. Neno hili hutumika sana panapogawiwa chakula cha njaa au fedha. Halidokezi kwamba hapo pana maelezo ya kusomwa. "Maelekezo" lingefaa zaidi, kwani hutaja kinachopatikana.

Kasoro kubwa zaidi ni tamko "ingizo batili", linaloonekana katika baadhi ya tafsiri. "Batili" ni neno la sheria: ndoa batili, mkataba batili. Mkulima wa Bendera, wilayani Same, anayetuma ada ya mwanawe kwa simu, akilisoma hatajua alichokosea wala la kufanya. Huenda akampa mtu mwingine simu pamoja na namba ya siri. Na siri ikishatoka, fedha hazina mlinzi.

Twapendekeza: "Namba uliyoandika ina tarakimu pungufu. Iandike upya." Maneno yameongezeka, lakini yanataja kosa na namna ya kulisahihisha. Basi mfasiri asiishie kutafuta kisawe. Aulize pia msomaji atatenda nini baada ya kukisoma. Istilahi isiyomwezesha mtu kutenda, hata ikiwa sanifu, haijatimiza wajibu wake.