Kasoro ya Orodha: Kitenzi Get Darasani Bariadi

Fungua daftari la Kiingereza la mwanafunzi wa kidato cha kwanza Bariadi, utafute kitenzi get. Aghalabu utakuta mstari mmoja tu: get, alama ya sawasawa, kisha pata, fika, elewa, amka, lipwa, vimepangwa kwa mikato hadi pambizo.

Umbo hilo halikuzaliwa darasani. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya 1939 hadi ya TUKI ya 1996, nazo huweka maana moja baada ya nyingine chini ya kidahizo kimoja. Maana zimo. Kisichoonekana ni kinachoziunganisha, na pasipo hicho mwanafunzi hubaki kukariri. Tena huyu ni mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani akiongea Kisukuma, na sasa hata jiografia anafundishwa kwa Kiingereza.

Tuzisome sentensi zenyewe, tuzichukue kwenye kilimo cha pamba. "We got seeds": tumepata mbegu. "We got to Lamadi": tumefika Lamadi. "The cotton got wet": pamba imelowa. "Father got paid": baba amelipwa. "He got us to pick cotton": alituchumisha pamba. Got ni ileile katika zote tano. Kinachobadilika ni kinachoifuata: kitu, mahali, hali, tendo lililofanywa na mwingine, mtu anayetiwa kazini.

Ukisoma hivyo unaona jambo ambalo orodha inalificha. Mzigo ambao Kiingereza kinamtwika get, Kiswahili mara nyingi kinaumalizia ndani ya kitenzi: lipa ikawa lipwa, chuma ikawa chumisha, chafua ikawa chafuka. Kisukuma, kikiwa Kibantu, nacho kina kauli zake za kutendwa na kutendesha. Mtoto wa Bariadi basi amezizoea kauli hizi kwa lugha mbili kabla hajakutana na get, na hakuna anayemwambia kwamba anazijua. Naliona hilo ni hasara kubwa kuliko msamiati wowote anaousahau.

Orodha ina hatari nyingine, ya kutanguliza pata. "I've got two cows" haina habari ya kupata chochote. Msemaji anao ng'ombe wawili, pengine tangu zamani. Anayefuata neno la kwanza la orodha atasema amepata ng'ombe wawili, na kwa Wasukuma habari hiyo huzua maswali: wametoka wapi, ni wa mahari ya nani?

Kanuni ya kutazama kinachofuata haifiki kila mahali, lazima tukiri. Get on, get off, get up, get over: vijineno hivi havitabiriki kwa kauli yoyote ya Kiswahili, na hapa orodha inastahili kuwepo. Ila ningeitenga kwenye ukurasa wake, kila usemi na sentensi nzima, kwa kuwa get off ikiandikwa peke yake haikuambii kama mtu ameshuka kwenye basi pale Lamadi au ameponea adhabu mahakamani.