Usiku wa Kwanza wa Opera: Tuanze na Maneno

Anayepanga kwenda kutazama opera kwa mara ya kwanza huuliza kwanza avae nini. Swali hilo halina uzito mkubwa, kwani katika kumbi nyingi za Ulaya siku hizi nguo safi za heshima zinatosha. La msingi kwa mwanafunzi wa fasihi ni hili: je, opera ni muziki uliobandikwa hadithi, au ni tamthilia inayoimbwa? Makala haya yanashikilia jibu la pili, na mfano wetu ni La Traviata ya Giuseppe Verdi.

Opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Machi 1853 katika ukumbi wa La Fenice, Venice. Maneno yake yaliandikwa na Francesco Maria Piave kutokana na tamthilia ya Alexandre Dumas mwana. Onyesho hilo halikufaulu. Mwaka 1854, baada ya marekebisho, opera hiyo ilipokewa vizuri katika mji huohuo.

Wageni wengi husubiri wimbo maarufu wa karamu katika sehemu ya kwanza. Unapendeza, ila uzito wa kazi uko katika sehemu ya pili. Hapo mzee Germont anamwendea Violetta, mwanamke aliyekuwa akitunzwa na matajiri wa Paris, akimtaka amwache kijana wake Alfredo. Anadai kwamba posa ya binti yake itavunjika iwapo kaka mtu ataendelea kuishi na mwanamke wa sifa hiyo. Anazungumza kwa upole, kama mzazi anayelinda jina la ukoo, na upole huo ndio unaomshinda Violetta. Anakubali, ilhali ni mgonjwa wa kifua kikuu na hana mwingine wa kumtegemea. Binti anayetajwa haonekani jukwaani kamwe, wala hapewi jina. Kwa maoni yetu, hiyo si dosari: inadhihirisha jinsi heshima ya ukoo inavyoweza kumwangamiza mtu aliye mbele ya macho yetu kwa ajili ya asiyeonekana.

Asiyefuata hoja hizo atasikia tu sauti mbili zikipokezana kwa zaidi ya robo saa, kisha atasinzia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1983, kumbi zilianza kuonyesha tafsiri juu ya jukwaa, lakini tafsiri hiyo hufupishwa mno.

Wapo wanaodai kwamba kusoma hadithi mapema huharibu utamu. Hatukubaliani nao. Verdi mwenyewe hafichi mwisho: sauti nyembamba za fidla zinazofungua utangulizi ndizo zinazorudi mwanzoni mwa sehemu ya tatu, Violetta akiwa kitandani mahututi.

Kwa hiyo, walimu wawape wanafunzi sehemu ya pili waisome kwa sauti kama majibizano ya tamthilia. Baada ya hapo ndipo watafute tiketi, wafike mapema, kwani aghalabu anayechelewa huzuiwa mlangoni, na wasikilize kile ambacho muziki unaongeza juu ya maneno.