Waya Ukikatika, Draivu Itasema Nini?

Wanunuzi wengi wa draivu za mota za kiwandani huangalia kilowati, kisha bei, kisha jina lililobandikwa usoni. Mimi huomba bisibisi. Umeme ukiwa umezimwa, nachomoa waya mmoja wa sensa ya joto la mota, nawasha, nasubiri draivu iseme.

Mota iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na themista za PTC ndani ya koili, kwa kawaida tatu, moja kwa kila fezi, zimeungwa mfululizo. Zikiwa baridi, ukinzani wake ni omu mia chache tu. Zikifikia joto lililokusudiwa, tuseme nyuzi 150, ukinzani unaruka hadi maelfu. Kwa hiyo waya ukikatika, draivu itadhani mota inaungua na kuisimamisha. Imekosea, ila kosa lenyewe halina madhara. Hatari ni pale waya mbili zinapogusana, kwa sababu shoti husomeka kama mota baridi. Draivu nzuri inajua kwamba PTC nzima haiwezi kushuka hadi omu chache, nayo itatangaza hitilafu ya sensa. Ya ovyo itaendelea kuzungusha mota mpaka koili zinuke.

Kwenye draivu yenyewe, karibu na transista za nguvu, mara nyingi hukaa themista ya NTC, ambayo tabia yake ni kinyume: ukinzani hupungua joto likipanda. Hapo muunganiko ukiachia, kipimo huonyesha baridi kali. Draivu inayoripoti nyuzi hasi 40 ndani ya kabati lililofungwa Dar es Salaam, na bado inachapa kazi, irudishe dukani bila mjadala.

Pasipo sensa, draivu hukadiria joto la mota kwa hesabu ya mkondo na muda. Jaribu mambo mawili. Kwanza, iache itripu kwa mzigo kupita kiasi, zima umeme, washa tena: je, inakumbuka kwamba mota bado ina moto, au hesabu imerudi sifuri? Ikisahau, opereta mwenye haraka ataizima na kuiwasha mpaka mota ife. Pili, iendeshe kwa hezi 10. Feni iliyofungwa kwenye shafti huzunguka taratibu pamoja na mota, hewa inakuwa haba. Hesabu ya maana hupunguza mkondo unaoruhusiwa.

Mwinuko nao una neno lake. Draivu nyingi hupewa ukubwa wake kwa hewa ya hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya hapo hupunguzwa kwa kiasi cha asilimia 1 kila mita 100, kwani hewa nyepesi hupoza vibaya. Kwenye viwanda vya chai vya Kericho, takriban mita 2,000, draivu ya ampea 100 ihesabu kama ya 90.

Upande wa mawasiliano, usishangazwe na wingi wa lugha zinazotajwa kwenye katalogi. Modbus, iliyotoka mwaka 1979, bado inatosha kazi nyingi ikipitia RS-485, mradi ukinzani wa omu 120 uwekwe kwenye ncha mbili za kebo na si penginepo. Kinachonivutia ni orodha ya rejista. Je, kontrola inaweza kusoma nyuzi joto za draivu zikipanda polepole, au inaletewa habari ya msiba tu, baada ya draivu kutripu? Feni iliyoziba vumbi hujulikana siku nyingi kabla kwa namba hizo.

Kisha chomoa kebo ya mawasiliano mota ikiwa inazunguka bila mzigo. Draivu inapaswa kukupa uchaguzi: isimame, ibaki na kasi ya mwisho, au ishuke hadi kasi uliyoipanga. Feni ya kunyausha majani ya chai inaweza kuendelea; mkanda unaolisha mashine iliyosimama hauwezi. Hata kwenye draivu nzuri, mara nyingi ulinzi huu huja umezimwa. Uwashe, weka sekunde za kusubiri, na uujaribu kabla hujasaini hati ya kupokea.