CDI Haikuwa na Kosa

Nitasema mapema tusizungushane: CDI ile haikuwa na kosa, na fundi aliyeing'oa pale Kondele alimtia bodaboda hasara ya bure. Mliokuwa mmekalia pikipiki zenu mkitazama mlisikia malalamiko yenyewe: "Fundi, nikikata kona kuingia Manyatta inazima. Nikinyoosha, inawaka." Jibu lilikuwa limo ndani ya maneno hayo. Fundi akasema, "Hiyo ni CDI," akatuma kijana dukani.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. CDI ni kisanduku kilichozibwa kinachoipa plagi cheche, kimefungwa kwenye fremu. Hakijui usukani umeelekea wapi. Usukani ukipinda, kinachopinda nao ni waya. Pale shingoni mwa fremu, kifungu kizima kinachotoka kwenye swichi na ignisheni hujikunja na kunyooka kutwa nzima kikisugua chuma. Na katika injini hizi za aina ya CG, ambazo CDI yake hulishwa na koili ya stata wala si betri, mna waya mweusi wenye mstari mweupe ambao kazi yake ni moja tu, kuzima. Ukigusa athi, plagi inakosa karenti. Ganda lake likichubuka shingoni, kila kona inakuwa swichi ya kuzimia.

Kupima hakuhitaji hata mita. Weka gia huru, acha injini iungurume polepole, pinda usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Ikizima, chomoa waya ule kwenye soketi ya CDI, uwashe na upinde tena. Ikiendelea kuunguruma, mhalifu umempata. Ufunguo hautaizima sasa, kwa hiyo shika breki, ingiza gia, uachie klachi. Kazi yote haimalizi muda wa kijana kufika dukani.

"Lakini ilipowekwa mpya iliwaka," mtaniambia. Iliwaka, ndiyo. Ili aifikie CDI, fundi alivua tangi, akavuta kifungu cha waya, akakirudisha kimelala upande mwingine. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina tabia hiyo: ukiigusa inajificha, na kipuri ulichokishika mwisho ndicho kinachopewa sifa. Kwa nini hakuirudisha ile ya zamani, hata kwa dakika tano, kabla ya kupokea pesa? Ingewaka nayo pia, na kesi ingeisha. Badala yake pikipiki ilizima tena jioni ileile kwenye barabara ya Mamboleo, ikiwa na CDI mpya, huku mwenyewe akiwa hana hesabu ya kumpelekea tajiri.

Vichwa vya betri alivisafisha vizuri, na nafasi ya plagi aliipima. Hilo nampa.

Wazee waliozitengeneza Honda CG125 za kwanza, zile za 1976 zenye platini, wasingebadilisha kipuri kwa kubahatisha. Platini ilimlazimisha fundi kufuata karenti kutoka inapozaliwa hadi kwenye plagi, hatua kwa hatua, na taa ya testa mkononi. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zimejaa kila stendi, lakini mafundi wanaomiliki mita bado ni wa kutafuta kwa tochi.

Na waya hauchubuki peke yake. Nimeshalia hapa kuhusu alamu na spika zinazoungwa kwenye waya wa ignisheni kwa kusokota na tepu, bila risasi. Nimelia pia kuhusu wanaoingiza pikipiki ziwani kuziosha, au kupiga soketi kwa mashine ya maji. Maji yakishaingia, pini hushika kutu ya kijani na hitilafu ya pili huzaliwa juu ya ya kwanza. Mvua ya uwanda wa Kano na maji ya samaki yanayotiririka kutoka kwenye kreti za Dunga yanatosha.

Ikiwa CDI yako inakula umeme wa betri, tafuta waya uliokatika ndani ya ganda: funga testa kwenye waya unaoilisha, pinda usukani, uangalie kama taa inakonyeza. Ikiwa inazima ikipata joto na kuwaka ikipoa, pima koili ya palsa ingali na joto; ikishapoa itakudanganya. CDI huja mwisho wa orodha, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo ngumu kupima.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa bodaboda, fundi akitaja CDI kabla hajapinda usukani wala kuchomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, chukua ufunguo wako uondoke. Pesa ya kipuri ikishalipwa hairudi.