Sheria Isiyo na Injili: Watoto wa Makuyu na Watoto wa Singida

Utangulizi

Riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, The River Between, ilitolewa mwaka 1965, na wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Njia Panda. Mwandishi aliitunga angali mwanafunzi Makerere. Baada ya kufariki kwake mwezi Mei 2025, ni rahisi kuvikumbuka vitabu vyake vya baadaye, vile vya siasa na lugha, na kukiacha hiki cha ujanani. Makala hii inakusudia kuwasihi watumishi na wanafunzi wa theolojia wakisome upya, kwa sababu mmoja wa washtakiwa wake wakuu ni mwenzetu: mhubiri.

Nyuma ya riwaya kuna ugomvi wa kweli. Katika nchi ya Wakikuyu, ugomvi huo ulifikia kilele mwaka 1929, pale misheni ya Kiskoti na nyingine zilipowataka Wakristo waikane tohara ya wanawake. Wengi waliondoka, wakaanzisha shule zao wenyewe. Ngugi ameuweka ugomvi huo katika matuta mawili yanayotazamana, Kameno na Makuyu, na katikati yao unapita mto Honia, ambao jina lake lina maana ya uponyaji.

Watoto wawili

Waiyaki wa Kameno ni mtoto asiye wa kawaida. Baba yake, Chege, anampeleka mahali patakatifu pa wazee, anamweleza utabiri wa Mugo wa Kibiro kwamba mwokozi atatoka vilimani, kisha anamtuma kwa wamisionari wa Siriana ajifunze hekima ya mzungu bila kuzifuata tabia zake mbaya. Hivyo mtoto anabebeshwa mzigo wa kabila zima kabla hajajijua.

Lakini kwa maoni yangu, mtoto wa ajabu zaidi ni Muthoni wa Makuyu, binti wa mhubiri Joshua. Huyu hakutabiriwa na mtu, wala hakuna aliyemtuma popote. Amelelewa katika jumuiya ndogo ya waongofu iliyojitenga na majirani zake kwa ukali mwingi. Hata hivyo, bila kumwacha Kristo, anataka kuwa mwanamke kamili mbele ya watu wake. Anavuka mto kwa shangazi yake, anatahiriwa, kidonda hakiponi, naye anafia hospitali ya Siriana. Kabla ya kufa anamwachia Waiyaki ujumbe ampelekee Nyambura, dada yake: kwamba anamwona Yesu, na kwamba amekuwa mwanamke kwa desturi ya kabila lake. Waiyaki anatafuta kuunganisha matuta mawili kwa shule. Muthoni alijaribu kuyaunganisha katika nafsi yake, na ndiye aliyelipa kwanza.

Joshua na kosa lake

Wako watakaosema kwamba Joshua ni picha ya kejeli tu, na kwa sehemu ni kweli. Ngugi hakumpa usiku hata mmoja wa kumlilia binti yake. Tangu siku aliyotoroka, Muthoni si mwanawe tena, na kifo chake ni onyo kwa waasi. Msanii aliyekomaa angetuonyesha zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kuna mahali pamoja ambapo picha hii inakuwa na uhai. Mkewe, Miriamu, alitahiriwa kabla ya kuongoka, na Joshua humwomba Mungu radhi kwa kuwa na mke wa namna hiyo. Anaomba msamaha kwa sababu ya mwili wa mkewe. Hapo tunaona kwamba dhambi aliyoipiga vita kwa mtoto ilikuwa kwanza hofu yake mwenyewe nyumbani.

Kwa lugha yetu ya Kilutheri, Joshua anahubiri Sheria bila Injili. Wazee wa Kameno wanasema asiyetahiriwa si mtu. Joshua anasema aliyetahiriwa si wa Mungu. Pande zote mbili zimeuweka wokovu katika mwili wa binti. Mtume Paulo alikwisha kukataa hoja zote mbili kwa pamoja (Gal 5:6, 6:15).

Huko Marekani, Waamishi wanajulikana kwa kuwatenga walioasi. Lakini hata wao hubatiza mtu akiwa amekua, na kijana ambaye hajaweka ahadi hiyo hatengwi kwa namna ile. Joshua hakumpa mwanawe hata nafasi hiyo.

Udhaifu wa riwaya

Pamoja na hayo, hatuwezi kukipokea kitabu hiki chote. Muthoni anakufa kabla ya nusu ya hadithi, na tangu hapo anakuwa ishara katika mabishano ya wanaume. Waiyaki anafikiri juu ya umoja, elimu na ardhi; kisu chenyewe hakiulizwi vya kutosha. Kidonda kinakuwa mfano wa kabila lililogawanyika. Lakini msomaji wa Singida anajua kwamba kidonda ni kidonda.

Sheria ya mwaka 1998 ilikataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani kwetu asilimia 31 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Aidha, tendo limehamia kwa watoto wachanga, mara nyingi kwa kisingizio cha kutibu lawalawa. Muthoni aliamua mwenyewe; mtoto wa wiki chache hana uamuzi. Yeye hakai kati ya dunia mbili, bali anakatwa kabla hajaijua hata moja.

Neno kwetu watumishi

Katika usharika mmoja niliouhudumia, mama kijana alileta mtoto abatizwe, ikajulikana kwamba mtoto amekeketwa. Wazee wa kanisa waliniuliza la kufanya. Nilimweka mama yule chini ya nidhamu ya kanisa mbele ya usharika wote, wala sikumuuliza nani alishika mtoto na nani alishika wembe. Baadaye nilisikia kwamba bibi wa mtoto ndiye aliyeamua, mama akiwa kitandani. Hakurudi tena. Niliposoma sura za Joshua mara ya pili, nilikifunga kitabu kwa muda.

Sisemi kwamba nidhamu ya kanisa ifutwe, wala kwamba tunyamaze. Nasema kwamba Sheria inapaswa kumkuta mwenye kisu na wanaomtuma, na Injili impate aliyejeruhiwa na aliyelazimishwa. Joshua alikosea watu wa kuwapa.

Hitimisho

Jina la Kiswahili, Njia Panda, lina kasoro moja: njia panda hutulazimisha kuchagua upande. Jina la asili linataja mto, ambao hutenganisha na tena hunywesha pande zote mbili. Mwishoni mwa riwaya, watu wanawaacha Waiyaki na Nyambura mikononi mwa Kiama na kuondoka gizani kwa aibu, na Honia unaendelea kutiririka. Mto wa uponyaji upo, wala hakuna anayeshuka kuteka maji. Sisi tunaosimama kando ya kisima cha ubatizo kila Jumapili tuna deni la kujibu ni nani tumewazuia wasifike.