Kete Zinapobaki Chache

Huko Tabaka, kaunti ya Kisii, jiwe la sabuni hupasuliwa, likachongwa kwa panga na kisu mpaka farasi, ngome na askofu wa chesi waonekane. Mgeni angedhani kazi imekwisha. Kumbe bado: kete zitasuguliwa kwa msasa na maji, ule mkali kwanza, kisha ule laini, ndipo zipakwe nta. Thamani ya seti nzima huamuliwa hapo. Na ukifika Itumbe, penye kiwanda cha chai, kijana anaweza kufungua simu yake akacheza mchezo huohuo na programu ambayo hata bingwa wa dunia haiwezi. Programu hizo nazo zilipita njia hiyo: kushambulia zilijua mapema, lakini kazi ya kumalizia iliwachukua mafundi miaka mingi.

Shida ilikuwa hii. Katikati ya mchezo, kompyuta inayoona hatua chache mbele hujimudu, maana daima kuna kete ya kunyang'anya. Zikibaki tatu au nne, ushindi huweza kuwa mbali kuliko inapofika kuona. Programu ikiwa na ngome nzima dhidi ya mfalme mtupu ingezurura tu ubaoni, kwa kuwa kila hatua ilionekana sawa na nyingine. David Slate na Larry Atkin, waliounda programu iliyoitwa Chess katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliipa alama ndogo kila mfalme wa adui alipoondoka katikati, na nyingine mfalme wake mwenyewe alipomkaribia. Askofu na farasi ni kesi ngumu zaidi: mfalme hawezi kulazimishwa kufungwa kwenye kona yoyote ile, ila ile yenye rangi ya miraba ya askofu. Fundi asipoandika hilo, programu itamsukuma adui kwenye kona isiyofaa na kuridhika.

Kuna kosa moja linalonivutia kwa jinsi linavyojificha. Ili kuokoa muda, programu hujiuliza: nikiacha zamu yangu ipite bila kucheza, je, bado niko salama? Ikiwa ndiyo, haichimbi zaidi. Hila hiyo ni nzuri mpaka wabaki wafalme na askari. Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare. Ikiwa ya mweusi, ameshindwa, kwa sababu ni lazima asogee, na akisogea tu amefungua njia. Angeruhusiwa kukaa alipo angeokoka, lakini chesi hairuhusu. Programu inayojiuliza swali lile hujiona salama, kumbe imekwisha. Tiba ni mstari mmoja wa maagizo: upande ukibaki na mfalme na askari peke yao, hila izimwe. Mstari mmoja tu, lakini lazima kwanza mtu aelewe ni kwa nini.

Wengine waliamua kuanzia mwisho kabisa. Orodhesha kila namna mfalme anavyoweza kufungwa, kisha rudi nyuma hatua moja, na nyingine, mpaka kila mkao uwe na jibu lake katika jedwali. Thomas Ströhlein alifanya hivyo Ujerumani katika tasnifu yake ya mwaka 1970. Ken Thompson, yuleyule aliyeshiriki kuunda Unix katika Bell Labs, akaiendeleza kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani, alipewa malkia dhidi ya ngome ya kompyuta yenye jedwali la Thompson. Vitabu vilisema huo ni ushindi. Kompyuta ikawa inaitenga ngome na mfalme wake, jambo ambalo wachezaji walifundishwa kuliepuka, na Browne hakuweza kushinda ndani ya hatua 50 zilizoruhusiwa. Alikwenda kujifunza, akarudi, akaila ngome kwenye hatua ya 50 kamili. Kwa mujibu wa jedwali, hatua 31 zingetosha.

Majedwali yalizidi kukua. Mwaka 2012 kompyuta kuu ya Lomonosov, Moscow, ilimaliza mikao ya kete saba, wafalme wakiwemo. Upo mkao unaohitaji hatua 549 kumfunga mfalme. Mzigo wake ulifika terabaiti 140 hivi. Ronald de Man akabuni majedwali ya Syzygy, yanayohifadhi lile tu ambalo programu inahitaji: nani anashinda, na zimebaki hatua ngapi kabla ya kula kete au kusogeza askari. Mwaka 2018 kete saba zilienea katika terabaiti zisizofika 19.

Stockfish, programu ya chesi, ilitoka mwaka 2008. Tangu 2013 kila badiliko lake hupimwa kwenye Fishtest, ambako watu wa kujitolea huazima kompyuta zao zicheze maelfu ya michezo kabla halijakubaliwa. Mwaka 2020 ilipewa mtandao wa neva, na toleo la 16.1 la mwaka 2024 likafuta tathmini iliyoandikwa kwa mkono. Sioni kwamba kazi ile ilipotea: mitandao ya kwanza ilifundishwa kwa tathmini zilezile za mkono.

Stockfish ni ya bure, na majedwali ya kete saba huulizwa bure kwenye tovuti ya Lichess. Chukua mfalme, askofu na farasi, uiachie programu mfalme mtupu, kisha ujaribu kumfunga. Popote utakapoanzia, mradi hupotezi kete, hatua 33 zinatosha.