Kuruka foleni: jinsi Kansas City ilivyompata Mahomes

Simulizi inayopendwa kuhusu Patrick Mahomes, kwotabeki (mtupaji pasi anayeongoza mashambulizi), ni kwamba Kansas City Chiefs walimwona wakati ligi nzima ya NFL imefumba macho. Inavutia, lakini haisimami ukiirudia drafti ya 2017 zamu kwa zamu. Walioona walikuwa wengi. Sean Payton, aliyekuwa kocha wa New Orleans Saints, alikuja kusema hadharani kwamba alikuwa amejiandaa kumchukua katika nafasi ya 11. Bruce Arians wa Arizona, aliyekuwa na nafasi ya 13, naye amesema alimtaka. Mahomes alichukuliwa wa 10. Kansas City haikushinda kwa jicho peke yake. Ilishinda kwa kujua foleni inavyokwenda.

Utaratibu wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Kila Aprili timu 32 za futiboli ya Kimarekani huchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, kwa zamu, raundi saba. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huanza, na bingwa hufunga raundi. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga atashangaa: hapa huwezi kumfuata kijana hotelini usiku na mfuko wa fedha. Fedha hazinunui nafasi, na mchezaji hana sauti juu ya timu itakayomwita. Kinachoweza kubadilishwa ni nafasi kwa nafasi, au nafasi kwa mchezaji ambaye tayari yuko kwenye ligi. Ukitaka kusogea mbele, unalipa kwa kesho yako.

Kansas City ilikuwa nyuma sana. Mwaka 2016 ilishinda mechi 12 kati ya 16, kisha ikatolewa nyumbani na Pittsburgh Steelers kwa 18 kwa 16 bila kuruhusu hata tachidauni moja, bao kubwa la mchezo huo. Mafanikio hayo yaliipa nafasi ya 27. Kwotabeki wake, Alex Smith, alikuwa anakaribia miaka 33: makini, mwenye makosa machache, na mwenye kikomo kilichojulikana na kila mtu. Tangu Todd Blackledge mwaka 1983, klabu hiyo haikuwa imemchagua kwotabeki yeyote katika raundi ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa ikiishi kwa makwotabeki waliolelewa na timu nyingine.

Huko Chuo Kikuu cha Texas Tech, Mahomes alikuwa akitupa mpira kwa wingi wa kutisha. Msimu wa 2016 alipata yadi 5,052 na tachidauni 41 kwa pasi. Tarehe 22 Oktoba, dhidi ya Oklahoma, alitupa pasi 88, akapata yadi 734 za pasi na 85 za kukimbia, jumla 819, rekodi ya mechi moja katika futiboli ya vyuo. Akafungwa 66 kwa 59. Mechi hiyo ina kila kitu kilichowagawa wasaka vipaji. Mmoja aliona mkono usio wa kawaida. Mwingine aliona kijana wa timu iliyomaliza msimu na ushindi tano na vipigo saba, akicheza mfumo ambao hutengeneza namba kama hizo kwa yeyote anayewekwa pale.

Shaka hiyo haikuwa ya kijinga, na sipendi inavyodhihakiwa leo. Mfumo wa Texas Tech, Air Raid, huwatawanya wapokeaji uwanja mzima, hupunguza idadi ya michezo ya kukariri, na humpa kwotabeki majibu ya haraka. Tangu kocha Mike Leach aupeleke chuoni hapo mwaka 2000, ulikuwa umezaa watupaji wa ajabu ambao NFL haikuwathamini. B.J. Symons alipata yadi 5,833 mwaka 2003 na bado akasubiri hadi raundi ya saba. Graham Harrell hakuchaguliwa kabisa. Kliff Kingsbury, aliyekuwa kocha wa Mahomes, mwenyewe alicheza mfumo huo na akachaguliwa raundi ya sita. Ukiwa skauti mwenye historia hiyo mezani, unaanza kazi na kalamu nyekundu mkononi.

Na kwenye video kulikuwa na mengi ya kuwekea alama nyekundu. Miguu ya Mahomes ilikuwa haitulii. Mara nyingi alirudi nyuma kuliko inavyotakiwa, akaikimbia sehemu salama nyuma ya walinzi wake, akatupa akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Hapo ndipo kazi ya uchambuzi inapoanza, kwa sababu kosa la mchezaji wa chuo lina maana mbili zinazofanana sana kwa macho. Linaweza kuwa tabia aliyofunzwa na mazingira: safu yake ya ulinzi ilikuwa miongoni mwa mbovu kabisa nchini, kila shambulio lisilozaa pointi lilikuwa kama mechi kupotea, hivyo alijifunza kutoiacha pasi yoyote ife. Au linaweza kuwa dalili kwamba haoni kinachotokea mbele yake. La kwanza kocha hulirekebisha. La pili humfuata mchezaji hadi anastaafu.

Brett Veach, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa idara ya wachezaji Kansas City, aliamini ni la kwanza, na kwa miezi mingi hakumwacha kocha Andy Reid apumzike, akimletea vipande vya video za kijana huyo. Alichokuwa akimwonyesha hakikuwa katika takwimu. Baba yake Mahomes alikuwa mrushaji wa besiboli katika ligi kuu, na kijana mwenyewe alichaguliwa na Detroit Tigers mwaka 2014, raundi ya 37. Alijua kuurusha mpira kutoka pembe yoyote ya bega, akikimbia kuelekea upande mwingine, bila kusubiri miguu ipate msingi. Katika besiboli hiyo ni kazi ya kawaida ya mlinzi wa kati. Kwa kwotabeki, maana yake ni kwamba mchezo ulioharibika bado unaishi. Reid, ambaye sifa yake kubwa ni kuwafundisha makwotabeki, alikuwa na uwezo wa kuituliza miguu. Mkono ule hakuna kocha anayeuumba.

Basi walimtaka. Kumtaka ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Tazama foleni ilivyokaa jioni ya 27 Aprili 2017 huko Philadelphia. New Orleans nafasi ya 11, Drew Brees akiwa na miaka 38. Cleveland ya 12, timu isiyo na kwotabeki wa maana. Arizona ya 13, Carson Palmer akikaribia mwisho. Nyuma kabisa, nafasi ya 25, Houston nayo ilikuwa inatafuta kwotabeki. Mwenye nafasi ya 10 alikuwa Buffalo Bills, ambao walikuwa tayari kuiuza. Kocha wao mpya, Sean McDermott, alifanya kazi chini ya Reid kwa miaka mingi pale Philadelphia Eagles, kwa hiyo simu haikupigwa kwa mgeni. Nafasi ya 11 isingefaa kitu. Ya 9 ingekuwa ghali bila sababu. Ya 10 ilikuwa mlango wa mwisho kabla ya watu watatu kuingia.

Bei? NFL ina chati maarufu iliyotengenezwa Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi ya kocha Jimmy Johnson, inayoipa kila nafasi pointi. Ya kwanza ina 3,000. Ya 10 ina 1,300, ya 27 ina 680. Pengo ni pointi 620. Kansas City ilitoa nafasi yake ya 91 ya raundi ya tatu, yenye pointi 136, zikabaki 484. Hizo ililipa kwa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya mwaka 2018. Kwa desturi ya ligi, nafasi ya mwaka ujao huthaminiwa kama ya raundi moja chini, na pointi 484 ni karibu sawa kabisa na nafasi ya 42, katika raundi ya pili. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Zamu mbili baadaye Houston ikafanya jambo lile lile: ikaruka kutoka 25 hadi 12 kumchukua Deshaun Watson. Pengo lake kwa chati lilikuwa pointi 480, nayo ikalipa kwa nafasi yake ya kwanza ya 2018. Bei moja, usiku mmoja. Lakini nafasi ya mwaka ujao ni deni ambalo kiasi chake hakijulikani hadi msimu uishe. Watson aliumia goti Novemba 2017, Houston ikashinda mechi nne tu, na nafasi waliyokuwa wamewapa Cleveland ikawa ya nne, pointi 1,800. Ya Kansas City ikawa ya 22, pointi 780.

Tofauti hiyo ina jina: Alex Smith. Mwaka 2017 aliongoza NFL nzima kwa kiwango cha upasishaji, 104.7, timu ikashinda mechi 10, na kwa kufanya hivyo akalishusha thamani deni la timu yake huku mrithi wake akikaa benchi akirekebishwa miguu. Mahomes alianza mechi moja tu, ya mwisho wa msimu, huko Denver, walikoshinda 27 kwa 24. Kisha Smith akauzwa Washington, Kansas City ikapata beki Kendall Fuller pamoja na nafasi ya raundi ya tatu. Ile ya tatu waliyoilipa Buffalo ikawa imerudi, na mchezaji juu yake. Kwa maoni yangu huu ndio ustadi wa mpango mzima, na ndio unaosahaulika zaidi.

Chicago Bears, waliomchagua Mitchell Trubisky wa pili usiku ule ule, nao walilipa bei ya haki. Walisogea kutoka 3 hadi 2, pengo la pointi 400, wakatoa nafasi ya 67, ya 111 na ya raundi ya tatu ya 2018. Chati haikuwakosea. Hupima kiti, haimpimi anayekikalia, na Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 tu North Carolina.

Mahomes alipokabidhiwa timu mwaka 2018 alitupa tachidauni 50 na kuwa Mchezaji Bora wa ligi. Februari 2020 alitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa bado kwenye mkataba wa chipukizi wa takriban dola milioni 16.4 kwa miaka minne, bei iliyoiachia klabu nafasi ya kuwalipa wengine.

Waliosaini makubaliano hawakufaidi. Doug Whaley, meneja mkuu wa Buffalo, alifukuzwa siku moja baada ya drafti kumalizika. John Dorsey wa Kansas City aliondolewa Juni, na Veach akachukua kiti chake. Buffalo yenyewe haikutoka mikono mitupu: kwa nafasi ya 27 ilimpata Tre'Davious White, beki aliyekuja kuwa miongoni mwa bora wa ligi, na ya 22 ikaitumia kupanda hadi ya 16 kumchukua Tremaine Edmunds. Mwaka huo huo wa 2018 ilimchagua pia kwotabeki wake, Josh Allen wa Wyoming, katika nafasi ya saba. Kati ya Januari 2021 na Januari 2025 Allen alikutana na Mahomes katika mtoano mara nne. Alipoteza zote.